Bima yangu ya kwanza, Tanga ya miaka ya hamsini: shangazi kiti cha pembeni na ndimu mkononi

Wakuu, habari za humu ndani.

Kwa umri wangu nilipaswa kukaa nisubiri shikamoo zenu, lakini humu naona hamuamkiani, mnarushiana mawe tu. Basi natangulia mimi kuwasalimu, na marahaba nitajipa mwenyewe.

Nachapa kwa kidole kimoja. Mkiona herufi imekosea njia, msinicheke. Ila habari yenyewe ni ya kweli, ilinipata mimi, hapa hapa Tanga.

Kilichonitoa pangoni ni mjukuu wangu. Juzi kanunua gari lake la kwanza, kaenda kukata bima, karudi kaumuka kama andazi.

"Babu, hawa watu ni wezi! Ati kwa kuwa mimi kijana na leseni yangu mpya, nilipe kuliko mwingine mwenye gari kama langu!"

Nikacheka mpaka meno ya bandia yakataka kunitoka. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, Mwingereza akiwa bado yupo.

Sikilizeni basi.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliitwa Mwanahawa. Mjane, hakujaaliwa mtoto. Kwake Ngamiani alikuwa akikodisha vyombo vya shughuli. Ukiwa na harusi, hitima au maulidi, unakwenda kwa Bi Mwanahawa: masufuria ya pilau yale ambayo mtu mzima anaingia akakaa, masinia, sahani, mabirika, majamvi, karabai.

Tanga nzima ilikula kwenye sahani zake, Waarabu wenye minazi yao na makuli wa bandarini, wote.

Vyombo vilikwenda kwa mkokoteni. Shughuli ikiwa Ngamiani au Chumbageni, hakuna neno. Lakini watu wa Muheza walimtaka, wa Pangani walimtaka, mpaka huko Horohoro mpakani. Na mkokoteni, wakuu, haufiki Horohoro.

Akauza kishamba chake cha minazi, akanunua pikapu kuukuu kwa Mgiriki mmoja wa mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Mwanamke, mjane, miaka ile! Watu walisema weee. Yeye anahesabu sahani zake tu.

Dereva nikawa mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa utingo wa lori kwenye shamba la mkonge. Kazi ya jasho na miiba, na dereva anayekuita "we mbwa" kuanzia asubuhi. Humo humo ndimo nilimojifunza usukani kwa kuibia macho, hadi nikafanya mtihani nikapata leseni. Shangazi aliponiambia habari ya pikapu, niliacha kazi siku ile ile. Na niliwaaga wenzangu kwa maringo, kofia upande. Yule dereva nilimwambia kwaheri kwa namna ambayo siwezi kuiandika humu, mods watanifungia.

Kwa hiyo mnaelewa. Kurudi kulikuwa hakuna.

Sasa, sheria ya bima ilikuwa imeshakuja. Gari bila bima haliingii barabarani, na kikaratasi chake kinabandikwa kwenye kioo, askari akione. Tukaenda mjini kwa wakala, Bwana Kasamali, Mhindi mpole mwenye miwani iliyomshukia puani.

Akaitazama leseni. Akanitazama mimi.

"Umri?"

"Ishirini."

"Leseni umepata lini?"

"Mwezi huu huu, bwana."

Akatikisa kichwa polepole kama daktari, akaandika bei. Wakuu, ilikaribia nusu ya bei ya gari lenyewe! Na minazi ndiyo imeshauzwa.

"Kijana na leseni mpya, ndivyo ilivyo," akasema. "Mlete dereva mtu mzima, bei itashuka leo hii."

Nilitoka pale nawaka. Hajaniona hata nikishika gia! Ananihukumu kwa ndevu ambazo hazijaota!

Ngamiani hapakosi mshauri. Kabla ya magharibi baraza zima lilikuwa limeshapata dawa: Mzee Kibwana. Huyu alikuwa dereva wa siku nyingi, leseni yake imechakaa kama msahafu wa chuoni. Unampa kitu kidogo, anaandikishwa yeye kuwa ndiye dereva wako, bei inashuka, kisha anarudi kulala na wewe unaendesha. Kwenye makaratasi Mzee Kibwana aliendesha magari chungu nzima kwa wakati mmoja, moja likiwa Lushoto na jingine Pangani. Karama za walii.

Nikamkimbilia shangazi na habari hiyo njema.

Alikuwa anapangusa sahani. Hakuinua uso.

"Na siku ukimgonga mtoto wa watu, Bakari?"

"Sitagonga, shangazi."

"Nakuuliza siku ukigonga. Wataulizana nani alikuwa ameshika usukani. Wataambiwa Kibwana. Kibwana kalala kwake, kila mtu kamwona. Bima watasema si dereva wetu huyu. Yule mtoto atatibiwa na nani? Na hilo baraza lako la washauri?"

Nikageuza maneno. Nikaanza kumlaumu Kasamali, kwamba kanitukana, kanivunjia heshima.

Hapo akaweka sahani chini.

"Mtu akija kwangu mara ya kwanza, simjui, anataka vyombo vya harusi. Mimi namfanyaje?"

"Unamtoza amana kubwa."

"Huwa namtukana?"

"Humtukani."

"Na nini tena?"

"Unampelekea Bi Tatu akakae na vyombo."

Hii niwaeleze vijana. Desturi yake ilikuwa hiyo. Ukiwa mgeni kwake, unaweka amana nzito, na vyombo vinakwenda na mtu wake, mara nyingi shoga yake Bi Tatu. Bi Tatu anakaa jikoni kwako shughuli nzima, anakula pilau lako, anazikodolea macho sahani mpaka ya mwisho irudi kapuni. Ukirudisha vizima, amana yako unapewa, na safari ijayo unatozwa kidogo na Bi Tatu haji. Umeshajulikana.

"Basi Kasamali hakukutukana," shangazi akasema. "Barabarani wewe ndiye mgeni, na vyombo ni roho za watu. Kesho nitazungumza naye, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara."

Kesho yake nilishuhudia jambo ambalo mpaka leo likinijia natabasamu peke yangu.

Shangazi kaketi mbele ya meza ya Kasamali na buibui lake, katulia. Hakulia shida. Hakuomba kwa ajili ya Mungu na Mtume. Alimuuliza jambo moja tu:

"Bwana Kasamali, kijana huyu unamwogopea nini hasa?"

Mhindi wa watu akashangaa, nadhani hakuwahi kuulizwa. Akavua miwani. Akasema vijana wanakimbiza gari, wanaendesha usiku, wanapakia rafiki zao, gari linageuka ngoma.

"Haya. Usiku hatatembea. Rafiki hatapakia. Ataandikwa yeye kwa jina lake, na mwingine asiguse usukani. Na kila safari pembeni yake atakaa mtu mzima wa kumchunga."

"Nani huyo, Bibi?"

"Mimi."

Kasamali akacheka. Shangazi hakucheka. Akamweleza habari ya amana na Bi Tatu, mwanzo mpaka mwisho, na yule bwana akawa anaitikia kwa kichwa, maana biashara ni biashara. Akaahidi kuwaandikia wakubwa zake.

Siku zile za kungoja nilikuwa sili vizuri. Likipita lori la mkonge najificha nyuma ya maduka.

Jibu likaja. Wamekubali kupunguza, si sana, lakini hadi kiasi alichokuwa nacho shangazi. Masharti yakaandikwa yote. Mwaka ukiisha salama, bei itashuka tena na mwangalizi ataondolewa. Kikabandikwa kikaratasi kwenye kioo, na mimi nikakitazama kama picha ya mchumba.

Ndipo tukaanza safari.

Wakuu, ule mwaka! Mimi kwenye usukani, yeye pembeni, masufuria nyuma yanapiga kelele. Mkono wa kulia kashika upawa wa pilau, wa kushoto kashika ndimu. Nikikanyaga mafuta, upawa unagonga mbele yake: kwa! Napunguza. Nikipita karibu na baiskeli: kwa! Vijana wa Ngamiani walituita gari la upawa.

Ile ndimu alikuwa akiinusa na kuilamba njia nzima, macho kayafumba, midomo inacheza. Nilijua anasoma nyiradi zake. Wazee wengi walipenda ndimu, sikuona ajabu.

Na kwa kuwa usiku hatutembei, harusi ya Pangani ilikuwa tunalala huko huko. Mwenye jina lake mjini analala kwenye jamvi la watu, asubuhi ndiyo tunarudi. Hakuvunja sharti hata moja, na Kasamali hayupo kutuona! Nilikuwa namwambia, "Shangazi, nani atajua?" Ananijibu, "Si nishamwambia?"

Basi. Kwake lilikuwa limekwisha.

Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni. Tunatoka Muheza, mvua imenyesha, barabara utelezi. Mbele ya Pongwe akatokea bwana mmoja wa Kibondei na baiskeli, matenga ya machungwa huku na huku, katoka kwenye kinjia moja kwa moja barabarani. Nikashika breki. Mwendo ulikuwa mdogo, nashukuru upawa, lakini mkia wa gari ukateleza ukamkumba mguu.

Machungwa yakatapakaa barabara nzima. Yule bwana kakaa chini, mguu umepinda, analia, "Machungwa yangu mie! Machungwa yangu!"

Mimi nilibaki nimeshikilia usukani. Shangazi ndiye aliyeshuka, uso umemparara kama jivu, akavua leso yake akaufunga ule mguu, akaniambia nimpakie twende hospitali. Kutoka hapo tukaenda polisi, tukaeleza kila kitu kama kilivyokuwa.

Na bima ikalipa, wakuu. Walichunguza wee, wakakuta dereva ni yule yule aliyeandikwa, mchana, mtu mzima yuko pembeni. Yule bwana alitibiwa, na kwa muda wote aliokaa bila kazi akapata chake, na machungwa yakahesabiwa pia. Baadaye tulikuwa tukipita Muheza anatuletea kapu. Mtu niliyemvunja mguu!

Nikifikiria kama angekuwa ameandikwa Mzee Kibwana, nasema alhamdulillahi mpaka leo.

Ila Kasamali alikuwa na lake. "Bibi, mapatano ni mapatano. Mwaka unaanza upya. Bei haishuki, na mwangalizi anaendelea."

Nilijua yangu yamekwisha. Niliona lori la mkonge, na yule dereva ananicheka. Kwa nini mama wa watu alale kwenye majamvi mwaka mwingine kwa ajili yangu, wakati madereva watu wazima wamejaa mjini?

Shangazi alilitazama gari pale nje. Kisha akashusha pumzi.

"Haya. Pita sokoni, Bakari. Ninunulie ndimu."

Tukaanza upya. Mwaka mzima tena, Horohoro, Muheza, Pangani. Upawa ukawa haugongi sana.

Ulipoisha, ulikuwa salama. Kasamali akashusha bei, akamsindikiza shangazi kwa heshima mpaka mlangoni.

Safari iliyofuata nikapakia vyombo, nikazunguka kumfungulia mlango kama kawaida. Kakaa barazani na Bi Tatu, miguu kainyoosha.

"Nenda, mwanangu. Mimi na gari lako nimelipa talaka tatu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Bi Tatu hakucheka.

"We mtoto hujui?" akaniambia. "Huyu hawezi chombo cha kutembea tangu usichana wake, kiwe gari au jahazi, kinamtapisha. Ana ndugu Pemba hajawahi kuwaona kwa sababu hiyo. Kila mkirudi safari alikuwa akilala na ndoo kando ya kitanda, mimi ndiye niliyekuwa nikiimwaga. Miaka miwili!"

Nilisimama pale na mlango wa gari mkononi. Ile ndimu. Yale macho ya kufumba. Na mimi nilikuwa najua ni nyiradi.

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekubali nikae?"

Nikaingia garini, nikaenda Pangani peke yangu. Nililia njia nzima, na sikukimbiza gari hata kidogo.

Hakupanda tena gari lile mpaka Mungu alipomchukua. Kazi yangu ya udereva niliifanya mpaka nikastaafu, nikasomesha watoto, nikajenga. Yote yalianzia kwenye kile kiti.

Funzo, wakuu: bima ya kijana ni ghali kwa kuwa hajulikani bado. Usitafute Mzee Kibwana. Lipa, endesha polepole, ujulikane. Na ukiona imepungua, jiulize tofauti kalipa nani. Ya kwangu aliilipa Bi Mwanahawa bint Shehe wa Ngamiani, kwa ndoo na ndimu, na hakuniletea hesabu.

Mjukuu wangu nimeshamwambia miezi hii ya mwanzo nitakaa pembeni yake. Anasema nitamwaibisha. Upawa nimeshaupata, gari halinisumbui, na ndimu nimetia kwenye droo ya gari lake, iwe ya ukumbusho.

Karibuni mtiririke. Wewe uliposhika usukani mara ya kwanza, nani alikaa kiti cha pembeni? Na je, ulimuuliza kama anaumwa?