Marando ya Nyuma ya Bafu

Kwa mama mkwe wangu, mgeni hakukaribishwa chai kabla ya kukaribishwa kuoga. Awe ametembea saa tatu au ametoka nyumba ya pili, alipewa ndoo na kuonyeshwa njia. "Karibu, pole na safari, bafu lile pale." Kuna fundi baiskeli aliyekuja kuulizia pampu yake tu, akaondoka ameoga na hasira zimempanda. Watu walidhani mama ana ugonjwa wa usafi. Wapi! Uchafu wa watu haukumhusu hata kidogo. Alichotaka ni maji yao.

Bafu lenyewe lilikuwa mabati matatu na pazia la gunia, chini mawe bapa. Maji yalitokea kwenye mfereji mdogo na kuingia kwenye kipande cha ardhi kisichozidi mikeka miwili. Hapo ndipo marando ya viazi vitamu yalipokaa hai kiangazi chote, wakati mashamba mengine yamekauka kama ukoko. Asiyelima viazi huenda hajui: kiazi kitamu hakipandwi kwa kiazi. Hupandwa kwa marando, zile kamba zake zinazotambaa, unazikata vipande na kuzifukia kwenye tuta. Kiangazi kikiyaua, mvua itakukuta na matuta mazuri na mikono mitupu. Kwa hiyo lazima mtu ayatunze kwa miezi mitano ya jua kali, na mtu huyo alikuwa mama. Kijiji kizima kilimwita Bi Marando. "Mgeni njoo mwenyeji apone," alikuwa akisema, "na marando nayo yapone."

Alikuwa mfupi, mwenye vidole vinene na kucha ambazo udongo ulishahamia moja kwa moja. Tuta alilipima kwa goti lake. Lisilofika gotini aliliita kaburi la panya, na mwenye tuta alilivunja akaanza upya, awe mwanawe au jirani aliyekuja kusaidia. Rando moja lilikuwa na macho matano, vile vifundo vinavyochipua, matatu chini ya udongo, mawili juu yaone jua. Ukifukia manne aliyafukua mbele yako bila kusema neno, na hiyo iliuma kuliko matusi.

Kiazi chake kiliitwa Nipemaji, kwa sababu ni kikavu, unga mtupu. Ukimeza vipande viwili bila kinywaji, utanyoosha mkono tu, sauti haitoki. Ganda jekundu, ndani cheupe, kinazaa kidogo na kinachelewa. Alipewa mbegu na mama mkwe wake mwaka alioolewa, na maneno aliyopewa nayo yalikuwa machache: "Isifie mkononi mwako." Mama hakuwa mtu wa kula viapo, lakini hicho alikila.

Sasa habari ya wifi yake, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Wifi huyo ni dada wa marehemu baba mkwe, sisi tunamwita shangazi, na anakaa ng'ambo ya kijito, mwendo wa robo saa. Bibi, yaani mama yake mzazi na mama mkwe wa mama, alipofariki, shangazi alikuja kudai marando. Mbegu ni ya mama yangu, alisema, mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake. Mama akamjibu, aliyetoka tumboni ni wewe, lakini aliyepewa mbegu ni mimi. Akamnyima. Wiki ya pili, asubuhi, mama alikuta marando yamekatwa, mikato bado inatoa utomvu, na kwenye tope pameachwa alama ya kandambili iliyopasuka kisigino. Kandambili ile kila mtu aliijua.

Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, shangazi aliitwa Mwizi. Hawakusemezana. Kwenye harusi na misiba waliwekwa jiko moja, magoti yakigusana, wakazungumza kwa kupitia watu. "Mwambieni huyo mwanamke chumvi imepungua." "Mwambieni naye ana mikono, aongeze."

Hapo ndipo nilipoolewa mimi.

Kwetu tunalima mpunga. Majani ya viazi tunayaita matembele, na ni mboga, basi. Hupandwa karibu na kisima, huchumwa, hupikwa, na yakizeeka unayang'oa na kupanda mengine. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mahali yanatunzwa kama yai. Watu wanadhani jambo walilolijua tangu utotoni kila mtu amezaliwa nalo. Siwalaumu. Na mimi sikuuliza.

Nilikuwa na miezi miwili kwenye ndoa wakati mama alipokwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Alikaa siku sita. Mume wangu alikuwa kutwa kwenye mashine ya kusaga, na mimi nilibaki na nyumba na maharage. Kilikuwa kiangazi, mboga ya majani hakuna, maharage tuliyala mpaka tukachukiana. Siku mama aliyotarajiwa kurudi nikaamua nimfurahishe. Nikazunguka bafu kutafuta kamba ya kuanikia nguo, nikaona kijani. Nikasema, kumbe neema iko hapa na sisi tunateseka!

Nilichuma mpaka jani la mwisho. Yale mashina yaliyobaki yalikuwa magumu, yana vinyweleo, hayapendezi, nikayang'oa na mizizi yake, nikawapa mbuzi. Halafu nikafagia. Nilifagia, jamani! Mistari ya ufagio ilionekana, imenyooka kama daftari.

Mama alifika adhuhuri na njaa yake, akaahirisha hata kuoga. Nilimpakulia ugali na matembele yaliyoungwa kwa kitunguu na nyanya. Alikula kimya, akasukuma sahani mbele, nikamwongeza. Nilikuwa nimesimama pale na meno yote thelathini na mawili nje.

"Mwanangu, mkono wako una baraka," alisema. "Mboga laini hivi, kiangazi hiki, umeipata wapi?"

"Sikwenda mbali, mama. Hapo nyuma ya bafu."

Alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani, akainuka, akaenda. Alikaa huko kitambo. Mimi, mjinga wa watu, nikadhani anaangalia nilivyopafagia.

Aliporudi alikaa palepale alipokuwa.

"Mashina je?"

"Nimewapa mbuzi, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayesomewa barua. "Na mimi nikaongeza," akasema. "Nimekula, nikataka na nyongeza."

Ni mume wangu aliyenieleza jioni, baada ya kurudi na unga kwenye nyusi, na alinieleza huku ameshika kichwa. Angenipiga kofi mama ningepumua. Hakunipiga, hakunitukana, hakuwaambia hata majirani, ingawa majirani walijua kabla sahani hazijaoshwa. Nililia siku mbili. Wakaniita Mpishi, na mpaka leo ndilo jina langu.

Kisha mama akaanza kutafuta. Miaka yote alikuwa amegawa Nipemaji kwa kila aliyeomba, mafungu kwa mafungu, hivyo aliamini yatakuwa yamebaki mahali. Lakini miaka mitatu nyuma bwana shamba alikuwa ameleta mbegu mpya, kiazi cha rangi ya machungwa ndani, kinazaa kwa miezi mitatu, kikubwa kama mguu wa mtoto. Sina neno baya nacho, watoto wanakipenda. Ila kila nyumba aliyobisha alijibiwa vilevile: "Nipemaji? Ile tuliiacha, Bi Marando. Inachelewa mno. Si unayo wewe?" Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Wote walikuwa wameiacha kwa sababu anayo yeye.

Akachukua jembe akaenda shamba la mwaka uliopita, akachimba matuta yote ya zamani akitafuta kiazi kilichosahauliwa ardhini, kwa maana kiazi kama hicho kikipata unyevu huchipua. Ardhi ilikuwa imekaza, jembe likidunda. Nilichimba naye siku nne. Tulipata viwili, vimetobolewa na fukusi kila upande. Tukavilaza kwenye mchanga wenye maji, vikaoza kwa pamoja siku ya tano.

"Mama," mume wangu akasema, "hiki ni kiazi tu."

"Na wewe ni mtoto tu. Nikupoteze?"

Mume wangu, kwa kuwa alikuwa mwanaume wa kusema jambo likiwa limechelewa, akasema lile ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. "Kwa shangazi yatakuwepo."

Mama aliingia chumbani akafunga mlango, na jua bado liko juu.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa milimani. Mvua ikishapiga, watu hupanda kwa wiki mbili, anayechelewa amechelewa mwaka. Nikajisemea, aliyemwaga ndiye azoe. Nikavuka kijito bila kuaga.

Shangazi ni mrefu, sauti yake nzito kama ya mwanaume mwenye mafua. Nilimkuta uani anapepeta mahindi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiye wewe Mpishi?"

Sikuwa na haja ya kueleza, lakini nilieleza yote, hadi ufagio. Kwenye ufagio aliacha kupepeta akageuza uso, nadhani alicheka. Alipogeuka tena hapakuwa na kicheko.

"Mimi ni mwizi, mwanangu," alisema. "Nimeitwa hivyo mbele ya watoto wangu. Sasa mwizi anagawaje? Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na uvungu wenyewe ni huu hapa. Mwambie aje kwa miguu yake."

Nilifikisha ujumbe neno kwa neno, maana hiyo haikuwa siku ya kupunguza. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua mpaka ukaisha, kisha akaumwaga kwenye ungo akaanza tena. Siku mbili hakusema chochote kisichohusu chumvi au kuni. Siku ya tatu asubuhi ngurumo ilisikika mbali. Akatoka amejifunga khanga ya kutokea.

"Vaa viatu," akaniambia.

Njiani alisema mara moja tu, tulipofika kijitoni. "Nikianguka nikafa kabla hatujafika, sema nilikuwa nakwenda kwingine."

"Sawa, mama."

Uani kwa shangazi alisimama, akavuta pumzi. Nilijua kitakachofuata: ataambiwa apige magoti, ataambiwa aseme mbele ya watu nani mwizi, na yeye atageuka arudi, na Nipemaji itakuwa imeishia kwenye sufuria yangu.

"Hodi," akasema mama.

"Karibu."

Shangazi alitokea mlangoni. Walitazamana. Kwa muda huo nilihesabu kuku wote wa pale uani, saba na jogoo. Halafu shangazi akarudi ndani bila neno, na mama akashusha mabega, akanishika mkono tuondoke. Tulikuwa tumeshapiga hatua mbili tuliposikia mlango.

Shangazi alikuwa amebeba ndoo ya maji na taulo begani.

"Pole na safari," alisema. "Bafu lile pale."

Nilidhani anatudhihaki. Nikasubiri tusi lenyewe lifuate. Mama alimkodolea macho wifi yake, akaitazama ile ndoo, akalitazama bafu, mabati matatu na pazia la gunia. Nikakumbuka kwamba ile desturi ya ndoo haikuwa ya mama. Naye aliolewa akaikuta. Ilikuwa ya bibi, mama mkwe wake, na bibi alikuwa na binti.

Mama alipokea ndoo kwa mikono miwili.

Tulisikia maji, kopo moja, la pili, la tatu. Kisha maji yakakoma. Nilijua anachungulia kwa juu ya bati, upande wa nyuma.

"Wifi!" aliita.

"Naam."

"Umefukia macho mangapi?"

"Matatu chini, mawili juu. Kwani nililelewa na nani?"

Kopo liligonga ukingo wa ndoo.

"Uliiba," sauti ya mama ikasema.

"Niliiba. Ningekuja kuomba mara ya pili, ungenipa?"

Nilitamani mama adanganye, kwa siku hiyo moja tu. Pale alipokuwa, na povu mwilini, alichukua muda wake wote.

"Nisingekupa."

"Basi oga."

Maji yakaanza tena. Mama alikuwa analia, alilia kwa sauti bila kujificha, na huku analia alijimwagia kidogo kidogo, kopo kwa kopo, ili yasiruke pembeni, yaende yote kule yanakotakiwa. Shangazi alijifuta uso kwa taulo ambalo lilikuwa la mgeni. Kisha akachomoa kisu kwenye paa la jiko, akaniangalia kuanzia utosini hadi viatuni.

"Mpishi," akasema, "jaza ndoo nyingine pale pipani. Akitoka yeye unaingia wewe. Nakata nusu mwende nayo, na yatakayobaki yatataka maji."