Dakika Kumi na Moja za Baba

Mimi nina hasira za karibu, na mdogo wangu anazijua. Ndiyo maana siku ile niliponyamaza kwenye simu aliogopa kuliko kama ningemfokea.

Baba alikuwa ametutoka miezi kadhaa kabla. Kabla hajaugua nilimrekodi nyumbani Katilu akimwimbia maksai wake, kama wanaume wa rika lake wanavyofanya, mikono juu kufuata umbo la pembe. Video ya dakika kumi na moja. Hakuna nyingine, maana baba hakupenda kamera; hata picha ya kitambulisho aliikunjia uso.

Mdogo wangu ana kibanda cha kuchaji simu Kakuma, karibu na kambi ya wakimbizi. Akaitaka. Nikajaribu kuiambatisha kwenye barua pepe pale ofisini Lodwar, ikakataa: kubwa mno. Mwenzangu wa meza ya pili, anayejua kila kitu hata asichoulizwa, akasema kuambatisha faili kubwa ni mambo ya kizamani, weka mtandaoni umtumie kiungo. Nikaweka. Nikaona raha kweli, nikaifuta kwenye simu yangu nipate nafasi.

Kiungo kikamkatalia mdogo wangu, kikadai ruhusa. Sikujua ruhusa inatolewa wapi, na sikuwa tayari kumuuliza yule mjuaji mara ya pili. Nikampa mdogo wangu neno langu la siri aingie mwenyewe. Si ndugu yangu, tumelala ngozi moja tangu utotoni?

Kisha mama akaja Lodwar. Siku niliyomrekodi baba yeye alikuwa malishoni, kwa hiyo hakuwahi kuiona ile video. Akaketi, akanywa chai yote kwanza, akasema, "Haya, nionyeshe."

Nikafungua. Folda ipo, ndani hamna kitu. Nikafunga, nikafungua tena, mama ananitazama. Nikatoka nje nikampigia mdogo wangu.

"Ejok, dada," akanisalimu.

"Ile ya baba iko wapi?"

"Niliifuta. Simu ilikuwa imejaa, hiyo ni kama miezi miwili sasa. Si wewe unayo yako?"

Hapo ndipo niliponyamaza. Tulikuwa tumezoea barua pepe: ukituma, kila mtu anabaki na yake. Hii haikuwa na yangu na yake. Ilikuwa moja tu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimempa ufunguo.

Nikakimbia ofisini kwa yule mjuaji. Akaniuliza kama kuna nakala popote, nikasema hakuna. Akatafuta kwenye kapu la taka la mtandaoni, akaniambia polepole kwamba kapu hujimwaga lenyewe baada ya siku thelathini. Hakunicheka. Mtu yule hucheka watu hata wakikosea kufungua mlango, na alipokosa kunicheka nilijua yamekwisha.

Nikarudi kwa mama. Nilimweleza kwa Kiturkana, nikisitasita, maana mambo ya folda sijawahi kuyasema kwa lugha yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Kwa hiyo alikuwa mahali pamoja tu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Nilitamani anipige. Kwetu hakuna mfugaji anayelaza mifugo yake yote pamoja. Wengine wako kwa mjomba, wengine kwa rafiki ng'ambo ya mto Turkwel, ili ukame au wezi wakija wasimalize kila kitu. Mtoto wa miaka sita anajua hilo. Mimi nilisoma mpaka chuo.

"Baba yenu hata mbuzi hakuwalaza zizi moja," mama akasema. "Nyinyi mkamlaza yeye."

Akajifunga shuka yake, akauliza gari la kurudi Katilu linaondoka saa ngapi.