Bafta ya Konde la Mzee Faki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama katikati ya konde la watu na ufito mkononi, nalinda kitambaa. Usicheke. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha serikali, na mimi nilikuwa kijana wa Jadida, pale Wete, niliyepata kazi kwa wapimaji, nina kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, na mama yangu akinitaja kwa majirani utadhani nimepewa uliwali.

Nikueleze kwanza kazi, maana nyinyi ramani mnaifungua kwa kidole, mnadhani imeota humo ndani ya simu. Zama zile, kabla ya Mapinduzi, Pemba ilikuwa inachorwa upya, na picha zake zilipigwa kutoka juu na kikosi cha ndege za kijeshi. Bwana mpimaji, Mzungu aliyetuongoza, alipenda kutusimulia habari za kikosi hicho. Wakati wa vita vikuu, alisema, marubani wake walivuka kwenda kwa adui bila bunduki wala bomu. Silaha yao ilikuwa kamera, na kinga yao ni kuruka juu sana na kwenda mbio. Wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha kamera hazikutupwa. Zikaelekezwa kwenye mito na milima, nchi hii na ile ya Afrika, mpaka zamu yetu ikafika.

Ndege ile ilikuwa ikipita kisiwani moja kwa moja, ikifika baharini inageuka, inarudi ubavuni mwa njia iliyopita, kama mtu alimaye matuta. Kila picha ilichukua kipande cha mwenzake, pasibaki pengo. Lakini picha peke yake haijui iko wapi. Ndiyo maana sisi wa chini tulitangulia kuweka alama nyeupe, za bafta, kile kitambaa chepesi cha pamba, zilizotandazwa kwa umbo la kujumlisha la hesabu na kukandamizwa kwa mawe. Kuziita misalaba tulikatazwa, tusije tukafukuzwa vijijini na bakora.

Sasa, kwetu kupata mahali peupe ni kazi, mikarafuu imefunika kila kilima. Katika kijiji kimoja cha upande wa mashariki, mbali na Wete, tulizunguka tukachoka. Watu walitutazama kwa jicho la pembeni. Ilikuwa enzi ya siasa za vyama: hawa wasema ndege ni ya wale, wale wasema ni ya hawa. Aliyetupokea ni mzee mmoja, Mzee Faki. Konde lake lilikuwa juu kabisa, limejaa muhogo. Alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaanza kuung'oa muhogo wake kwa mkono wake, kabla ya wakati wake. Dada yake, Bi Mize, akaumenya na kuupasua, akauanika makopa. Na hakutaka hata asante.

Bafta tulinunua duka la pale kijijini, nako kulikuwa na jora moja tu. Tulichukua yote iliyokuwapo, na mwenye duka alicheka siku nzima. Tukaitandaza kondeni. Bwana mpimaji akaenda kuweka alama nyingine, mimi akaniacha mlinzi. "Asiiguse mtu," aliniambia. "Ndege itakuja siku mbingu itakapokuwa haina wingu."

Mwanangu, Pemba na wingu ni mtu na nduguye. Tukangoja, na tukangoja tena. Kila asubuhi Mzee Faki alipanda na birika lake la kahawa, akatazama juu, akaniambia, "Leo bado." Akanikalisha, akanisimulia ujana wake, tukacheka. Nilimpenda mzee yule, nakwambia kweli.

Ikaja asubuhi mbingu imetakata kote, samawati tupu. Nikajua leo ndiyo leo. Nikamngoja mzee na kahawa yake, nimwambie kabla hajaniambia. Hakuja. Aliyepanda ni Bi Mize, na nyuma yake wanaume wawili wa ukoo.

"Kombo, kakangu katutoka," alisema. "Kasali alfajiri, kalala, ndiyo basi."

Nikasema sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nikakaa chini. Kisha akaniambia lililomleta. Walikuwa wamekwenda dukani kutafuta sanda na bafta haipo. Kwenda Wete kwa miguu na kurudi ni kutwa, na kwetu aliyekufa alfajiri huzikwa adhuhuri, halazwi kama mzigo unaongoja chombo.

"Twaomba nguo hii," akasema.

Nikaiangalia bafta, nikaiangalia mbingu. "Bi Mize, hii ya serikali. Nimekatazwa isiguswe. Na ndege yaja leo hii."

"Hatukuja kuiba. Sanda ya kunyang'anya haimfai kakangu. Twataka uitoe kwa radhi."

"Wataniachisha kazi."

Hapo ndipo aliponikata maini bila ya kupaza sauti. "Ntu kakupa konde lake zima, kang'oa chakula chake cha mwaka, weye wamnyima vipande vitatu vya kujifunika? Na dukani bafta mmeimaliza nyie. Ndege ina mafuta, ikitaka itarudi. Kakangu harudi. Wazee wasema maiti haulizwi sanda, mwanangu. Twaulizwa siye tulio hai."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikapiga magoti, nikaondoa mawe kwa mkono wangu mwenyewe, nikaikunja bafta, nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Nimetoa, Bi Mize, kwa radhi yangu yote. La serikali nitalijibu mimi."

Akaipokea, akawapa wanaume wakaifue na kuianika. Lakini yeye hakuondoka. Akalitazama konde tupu, akaniuliza, "Alama yako lazima iwe bafta, au lazima iwe nyeupe?"

"Nyeupe tu."

Mwanamke yule, na msiba wake kifuani, akateremka nyumbani. Akarudi na majirani, kila mmoja na pakacha kichwani, wameleta makopa. Muhogo wa konde lile lile, mwanangu, umekauka mweupe kama chaki. Nikapanga mawe kuzunguka umbo, wao wakamimina, tukatandaza kwa viganja. Ilipotimia ilikuwa nyeupe kuliko bafta iliyokwisha kula vumbi.

"Nenda ukamzike rafiki yako," Bi Mize akaniambia. "Wanawake hatwendi makaburini. Mie ntabaki hapa niwafukuze kuku."

Tulikuwa njiani, jeneza begani mwangu, ndege ilipopita. Juu sana, kinukta kinachong'aa na mvumo wa mbali. Hakuna aliyesimama. Ikapita, ikageukia baharini, ikarudi, nasi tukaendelea, tukimsomea shahada mzee wetu.

Kesho yake nilimfuata bwana mpimaji, nikamweleza yote kabla hajayasikia kwa mwingine, maana njia ya mwongo ni fupi. Akasema tungoje picha. Zilipofika aliniita, akanipa kioo cha kukuzia. Nikaiona alama yangu juu ya kilima, nyeupe, imekaa sawasawa. Pembeni yake kitone cheusi, nikajua huyo ni Bi Mize na buibui lake. Na chini, kwenye njia itokayo kijijini, uzi mwembamba mweupe. Zilikuwa kanzu za watu.

"Na hawa ni nani?" akauliza.

"Ni Mzee Faki, bwana. Anakwenda."

Nililia mbele yake na sikuona aibu. Naye akavua kofia. Kuanzia siku hiyo, kila kijiji tulichokwenda kuweka alama, tuliacha dukani bafta ya kutosha, na amri ilikuwa yake. Kazi yangu sikuachishwa. Na makopa yale yaliyopigwa picha na ndege ya kijeshi yalipikwa kwa nazi siku ya hitima ya mzee, nikala nikarudia.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayeanza kazi na kukabidhiwa funguo na mihuri. Ukipewa kitu cha watu ukilinde, kilinde kweli. Lakini usilinde kitambaa ukamsahau mtu aliyekupa mahali pa kukitandaza. Likija jambo zito, toa kwa radhi na kwa mkono wako mwenyewe, kisha nenda ukamwambie mkubwa wako kwa mdomo wako. Na usikate tamaa haraka kwamba huna la kufanya. Tazama vizuri, huenda muhogo wa marehemu umeanikwa hapo nyuma ya nyumba. Hisani haiozi, mimi nimeiona kwa kioo cha kukuzia.

Mungu akupe kazi ya halali na moyo wa kutoa. Akuweke na watu, na siku yako ikifika, jeneza lako lisikose mabega. Amin.