Jani Lisiloua Konokono

Si mngeniacha nipumzike? Hivyo ndivyo nilivyomwambia binti wa habari alipokuja kwangu na daftari na kinasa sauti, eti taasisi ya utafiti niliyostaafia inatengeneza kitabu cha watafiti wake, na binti yangu ndiye anayeongoza kwa kutajwa, kwa hiyo wanataka maisha yake. Nikamwuliza, "Mwenyewe umemwuliza?" Akasema, "Amekataa, bibi. Kanifungia mlango." Sasa mwenye maisha kakataa, mnanijia mimi, kama mtu aliyenyimwa mlangoni akazungukia dirishani. Nikamwambia aache daftari, kinasa sauti aondoke nacho. Nitaandika mwenyewe. Shule niliishia darasa la tatu, herufi zangu kubwa na mwendo wangu polepole, lakini asitokee mtu wa kuninyooshea maneno.

Binti yangu ni mtafiti wa konokono. Si hawa wa bustanini; ni wale wadogo wa majini, wanaobeba kichocho, ugonjwa wa kukojoa damu. Kazini wanamwita Mama Konokono na yeye anaitika. Lakini mimi ndiye niliyetangulia pale. Miaka thelathini na mitatu nimeosha vyombo vya maabara: chupa, mirija, mabeseni, vikopo vya plastiki. Niliingia yeye akiwa tumboni, nikatoka yeye ana udaktari wake na chumba chake. Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Dirisha lake linatazama ukuta wa jengo la pili, ukinyoosha mkono unaugusa. Ndimo alimo mpaka leo.

Hili la kutajwa nikueleze, maana hata mimi lilinichukua muda. Mtafiti akimaliza kazi anaandika makala, inachapwa kwenye jarida. Mtafiti mwingine akiandika yake, mwishoni anaorodhesha: nimeegemea makala ya fulani na ya fulani. Hapo fulani ametajwa mara moja. Kompyuta inakaa inahesabu. Ukitaka kupanda cheo hawakuulizi umemponya nani. Wanafungua kompyuta, wanatazama umetajwa mara ngapi.

Binti yangu ana makala thelathini na moja. Ile ya mifereji ya mpunga, aliyosimama matopeni miaka minne akihesabu konokono mpaka kucha za miguu zikaoza, imetajwa mara mbili, na mara moja kati ya hizo kajitaja mwenyewe. Nyingine tano, tisa, kumi na moja. Halafu kuna moja ya kurasa sita, imetajwa mara mia nne na kumi na mbili wakati huo ninaousimulia. Hiyo ndiyo ya jani.

Jani lenyewe ni la kichaka kinachoota kando ya barabara, hata mbuzi hakitaki. Binti yangu alilikausha, akalitwanga, akaliloweka, aone kama maji yake yataua konokono. Akapanga vikopo arobaini: ishirini vya maji ya jani, ishirini vya maji matupu, konokono kumi kila kikopo. Ikipita siku nzima anawagusa mmoja mmoja kwa sindano butu. Aliye hai anarudisha mguu ndani. Aliyekufa anatulia tu. Kwenye maji matupu wote walikuwa wakitambaa. Kwenye jani karibu wote kimya. Akarudia wiki tatu, ikawa vilevile. Alinikumbatia pale pale penye sinki, glavu zangu zikitiririka povu, akasema, "Mama, tumepata." Alisema tumepata. Mimi nikanyoosha shingo mwezi mzima.

Dunia nzima ikamtaja. Mwanzoni ilikuwa raha, kisha ikawa kamba. Alitaka kuhamia minyoo ya safura, wakamwambia, "Wewe ni mtu wa jani, baki kwenye jani." Wanafunzi wakija, wanataka jani. Akialikwa kusema mahali, ni jani. Miaka tisa mtoto wa watu anazunguka kichaka kimoja kama mbuzi aliyefungwa kigingini.

Ikabaki wiki tano kamati ikae kumpa uprofesa. Jumapili moja mchana tunakula, simu yake ikalia mlio wa barua. Akasoma, akaweka kijiko chini.

"Kuna nini?"

"Mtafiti mmoja wa mbali huko. Amerudia jani langu mara nne. Konokono hawafi."

"Kakosea kutwanga."

"Mama, ana watu kumi na mbili wanaomtwangia."

"Basi konokono wake wakaidi."

Hakucheka. Akasema itabidi naye arudie. Nikamwambia, "Kwa nini usimjibu baada ya kamati? Panda kwanza, ukishakaa juu utamjibu vizuri." Ndiyo, nilisema hivyo, na ninaandika hapa kwa mkono wangu. Nilitaka nimsikie akiitwa profesa. Niliosha vyombo vya maprofesa miaka thelathini na mitatu, hakuna hata mmoja aliyejua naitwa nani.

Akarudia. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, vyombo anaosha dada mwingine. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akasema, "Wako hai." Siku ya pili, "Wako hai." Anakaa kwenye kiti na mkoba bado begani. Akaanza kuuliza kila kitu: jani lilichumwa mwezi gani, maji yalitoka tangi lipi. Na siku ya pili hiyo hiyo ndipo mimi nilipojua.

Sikiliza. Tulikuwa tumeagizwa vikopo vya konokono vioshwe kwa maji ya moto na brashi tu, kisha visuuzwe mara tatu kwa maji safi ya mtambo. Vya maji matupu niliviosha hivyo, vilikuwa vyeupe, havina neno. Lakini vile vya jani vilikuwa vimeshika rangi tangu siku za kujaribia, kijani cha kuchukiza, unasugua mpaka mkono unakufa ganzi na rangi ipo. Mimi kutoa chombo kina doa? Watu waseme binti yake anamvumilia kwa kuwa ni mama? Nikavitia kwenye klorini, ile kali ya kusafishia sakafu. Vikalala humo, vikatoka vinang'aa. Na maji ya mtambo yalikuwa ya kupimiwa, dumu moja kwa siku, kwa hiyo nikavisuuza mara moja. Plastiki inakunywa kitu unachokitia. Kila wiki konokono wa jani walikuwa wanakaa kwenye klorini yangu, na wale wengine wanakaa kwenye maji salama. Jani halikuua hata mmoja. Niliua mimi.

Siku kumi na moja sikusema. Nilipika, nikafua, nikamwuliza habari za kazi kama mgeni. Nyumba ilinibana. Akiwa sebuleni mimi niko jikoni, akija jikoni nakumbuka nguo za kuanua. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho ikifika namkuta kainamia hesabu zake nasema basi, leo amechoka.

Siku ya kumi na mbili nilivaa viatu nikaenda. Mlinzi akaniambia, "Bibi, umerudi kazini?" Nikamwambia asinicheleweshe. Nikamkuta binti yangu penye sinki langu, amesimama na yule dada mwoshaji, anamhoji kama askari.

"Unavisuuza mara ngapi?"

"Tatu, dokta. Kila siku unaniuliza."

"Vya jani na vya maji, sawasawa?"

"Sawasawa. Vya jani vinabaki na doa, lakini uliniambia niache."

Nikasema, "Mimi sikuliacha."

Wakageuka wote wawili. Yule dada ana akili, akachukua ndoo yake akatoka. Nikasema yote nikiwa nimesimama, mkono kwenye bomba.  Nilipomaliza binti yangu akauliza swali moja tu: "Kila wiki?"

"Kila wiki."

Akakaa kwenye stuli. Nilingoja anifokee, ningefokewa ningejua la kufanya. Akaanza kucheka, cheko baya, kisha machozi. "Mama na usafi wako," akasema. "Watu mia nne na kumi na mbili wamekutaja wewe."

Nikamwambia, "Bado hakuna anayejua. Wiki tatu zimebaki." Aibu yangu haikunizuia kusema hivyo.

"Kuna mtu mahali anaponda jani hili, anamwaga bwawani, halafu anawaambia watoto ingieni, maji ni salama. Nimngoje huyo wiki tatu?"

Nikamwambia, "Basi andika."

Akaliandikia jarida waiondoe ile makala. Akanisomea barua. Ilisema vyombo viliachwa na mabaki ya klorini, na kosa ni lake aliyesimamia. Nikaruka. "Kwa nini hujaniandika? Kosa langu, jina langu!"

"Nikikuandika watakutaja, mama. Utapata cheo kabla yangu."

Tukagombana juu ya hilo jioni nzima na alishinda yeye, jambo ambalo si kawaida katika nyumba hii.

Kamati ilikaa, ikamwambia arudi akijenga jina upya. Sawa. Tulijua. Tusichokijua ni hiki kilichofuata. Jarida liliiondoa ile makala, likapiga muhuri mwekundu juu yake, imeondolewa. Na watu wakaendelea kuitaja! Hawafungui. Mmoja ananakili orodha ya mwenzake, wa tatu ananakili ya huyo, na kompyuta haina macho, inahesabu. Mwaka wa kwanza ikafika mia nne na sabini. Sasa ni mia sita na tatu. Ameandika barua kwa waandishi mmoja mmoja, amejibiwa na wanane. Anafanya kazi nyingine siku hizi, ya maji ya visima, nzuri, ya taratibu, na hakuna anayeitazama kwa sababu lile jani limemzibia mlango. Kila asubuhi anawasha kompyuta chumbani mle, anatazama namba imepanda, anageukia dirisha, ukuta. Siku moja aliniambia, "Mama, nilisema si kweli, na bado wananishika mkono wananipongeza."

Na sasa taasisi hiyohiyo inamtia kwenye kitabu kwa ajili ya mia sita na tatu. Ndiyo maana alifunga mlango. Binti wa habari, ukikata hata mstari mmoja hapa, toa na jina la mwanangu kitabuni.

Na wewe mtafiti unayesoma, usinihurumie. Nenda kwenye makala unayoandika, shuka mpaka orodha ya mwisho, tafuta jani. Ukilikuta, lifute leo, kabla hujanywa chai. Kisha niandikie useme umelifuta, uandike herufi kubwa nisipate taabu. Barua zinanifikia hapahapa taasisini, sema ni za mama aliyeosha vikopo. Nazisubiri mia sita na tatu.