Nyumba ya Mfalme Mlimani

Kwa miaka kadhaa nimesoma habari za Machu Picchu, makazi ya mawe ya Wainka katika milima ya Peru, kwa vitabu vya kuazima katika maktaba ya Vällingby, hapa Sweden. Mke wangu ameshasikia yote, mengine mara mbili. Kwa hiyo mwenyekiti wa chama chetu cha Waswahili aliponiruhusu kuzungumza kwenye mkutano wa Novemba, nilikubali sharti lake bila kubishana.

"Sufuria ya pilau ikifunuliwa, kaka, na wewe umemaliza."

Nilitaka jambo moja tu: kufika kwenye utakatifu wa mahali pale. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, nikaanza na matumizi. Nikawaonyesha picha, nikasema wataalamu wengi wanaona palikuwa makazi ya mfalme. Alikuja kwa msimu, kisha akarudi mji mkuu. Watunzaji ndio waliobaki mwaka mzima.

Ukumbi ukachangamka.

"Yaani alijenga nyumbani!" akasema mama mmoja Mrundi, ambaye anajenga nyumba kwao Gitega tangu nimfahamu. "Nani alikuwa anawasimamia mafundi wake? Shemeji?"

"Hatujui, mama."

"Ni shemeji. Ndiyo maana haina paa."

Nikaeleza kwamba mapaa yalikuwa ya nyasi, yakaoza. Hakuna aliyeniamini. Mwingine akauliza kama kiwanja kilikuwa na hati, wakaanza kubishana wao kwa wao. Nyuma kabisa, mwenyekiti alikuwa ameshashika mfuniko, na harufu ya pilau ilikuwa imetufikia.

Yule mama akapaza sauti. "Lakini kwa nini mlimani kote kule? Bondeni viwanja viliisha?"

Nikalidaka swali hilo. Nikasema, kwa haraka nisiyoizoea, kwamba kwa Wainka milima ilikuwa hai na ilipewa sadaka. Mto unaouzunguka ule mlima ulikuwa mtakatifu. Na kuna dirisha ambalo jua la asubuhi huingia sawasawa wakati wa siku fupi kuliko zote katika mwaka. Mfalme alijenga pale awe karibu na jua, ambalo alilihesabu kuwa baba yake.

Watu wakayatazama madirisha ya ukumbi. Saa kumi ya alasiri ilikuwa haijafika, na tayari yalikuwa meusi, maana Novemba huku jua huzama mapema.

"Kumbe na wao walikuwa wanalisubiri jua," akasema mama polepole. Akageuka nyuma. "Dada mwenyekiti, hebu funika hiyo kwanza. Atueleze hilo dirisha."

Mwenyekiti akanitazama, akawatazama watu, akaurudisha mfuniko.