Bwana Afya, Paka wa Haruni

Kijakazi binti Hemedi alikuwa amebakiza siku tisini za eda pale paka wa marehemu mumewe alipoacha kurudi nyumbani.

Siku ya kwanza hakulitia moyoni. Paka dume ana safari zake. Siku ya pili alimwambia bintiye, Amina, aiache sahani ya bati pale pale kando ya mbuzi ya kukunia nazi, maana huyu akirudi atarudi na njaa ya watu watatu. Siku ya tatu, baada ya kuswali alfajiri, alikwenda jikoni kuwasha moto akakuta ugali na mchuzi wa jana vimegandana, sisimizi wamejipanga ukingoni mwa sahani. Alikaa juu ya mbuzi, akalia kwa sauti kubwa kuliko alivyolia siku ya mazishi.

"Astaghfirullah," alisema alipomwona Amina mlangoni. "Mtu mzima mimi, namlilia paka."

Amina hakumcheka. Alikuwa amekuja kutoka Kilindoni kukaa na mama yake mpaka eda iishe, na katika siku zile arobaini na ushei alikuwa ameona mambo. Ikifika saa kumi alasiri, saa aliyozoea Haruni kurudi minazini, paka yule alikwenda kukaa kizingitini, masikio juu, akaikodolea macho njia ya msikitini. Na mama yake, akimwona paka amekaa vile, alijikuta akikoleza moto na kuinjika chai. Alijua fika kwamba anayesubiriwa yuko kaburini. Lakini kwa muda ule mfupi, madhali paka anasubiri, ilikuwa kana kwamba kuna mtu njiani. Sasa kizingiti kilikuwa kitupu, na saa kumi ikawa saa kama saa nyingine.

Haruni alikuwa mkwezi. Miaka thelathini na miwili alipanda minazi ya watu pale Kirongwe, na kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, alidhani iko siku mnazi utamwua. Mnazi haukumfanya kitu. Jumatano alilalamika kichwa kinamuuma, Alhamisi hakuamka, na alasiri ya siku ile ile wakamzika.

Paka yule Haruni alimtoa shambani, miaka tisa nyuma, mdogo wa kukaa kiganjani, amenasa kwenye rundo la makumbi ya nazi. Alimleta ndani ya mfuko wa shati.

"Umetuletea mdomo mwingine," Kijakazi alisema.

"Huyu si mdomo, mama Amina. Huyu ni mkaguzi."

Na kweli, hata jua halijatua, kile kitoto cha paka kilikuwa kimechungulia sufuria zote, kimenusa mtungi, kimepiga chafya mbele ya kopo la pilipili. Haruni akakipa jina la Bwana Afya, na jina likamkaa.

Nyumba ile haikutupa kitu. Nazi moja Kijakazi aliikamua mara tatu: tui zito la kumalizia mchuzi, la pili la kupikia kisamvu, na la tatu, jepesi kama maji yaliyooshewa mchele, la kuchemshia muhogo. Chicha ilikwenda kwa kuku. Kifuu kilikwenda motoni. Samaki walinunua kwa mchuuzi wa baiskeli saa anaporudi kwao, tenga limebaki vichwa. Na kichwa cha changu kilikuwa na sheria zake: shavu moja la Haruni, shavu moja la mkewe, ngozi na vinyama vya kwenye mifupa vikachanganywa na ukoko uliolowekwa mchuzi, vikawa riziki ya Bwana Afya. Miba Haruni aliichambua mwenyewe, kwa vidole vile vilivyojaa sugu, mmoja mmoja, kama anayechagua mchele wa harusi.

Halafu, akidhani mkewe haoni, lile shavu lake pia alilisukumia chini.

"Kula, baba Amina. Anayepanda minazi ni wewe, si yeye."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, nawe hujala?"

"Nimeshiba kwa kumwona anavyokula."

Miaka tisa walisemezana hivyo hivyo, na mpaka leo mkono wa Kijakazi ukichota unga ulichota wa watu watatu na paka. Kila siku kilibaki kiporo. Kila siku alijisonya mwenyewe, akakiweka kiporo kwa ajili ya asubuhi.

Sasa alitaka kutoka akamtafute. Eda haikumruhusu kutoka ila kwa dharura. Je, paka ni dharura? Alijiuliza alipokuwa akitwanga, akajiuliza tena alipokuwa akifagia, na mara ya tano akajua kwamba hatafuti jibu, anatafuta ruhusa. Akakaa ndani. Amina ndiye aliyezunguka nyumba za jirani akiita "Bwana Afya! Bwana Afya!" mpaka mama mmoja akaficha ndoo zake za maji akidhani kweli kumekuja ukaguzi.

Jibu lililetwa na wifi yake, Tumaini, dada wa marehemu, mwanamke mnene wa maneno anayeingia uani huku akiwa tayari katikati ya sentensi.

"...na macho yamekuvimba, wifi. Kwa paka! Eda ya mume tunaijua, ya paka umeisoma chuo gani?"

"Kaa kwanza, wifi. Usinitese."

"Sikutesi, nakuletea habari. Paka wako yuko kwa Sudi. Nimepita asubuhi nimemkuta kajilaza juu ya kikoi cha kaka yangu, kanyoosha miguu kama mrithi."

Kijakazi aliacha kuchambua kisamvu. Kikoi. Akakumbuka.

Ilikuwa siku ya hitima ya arobaini. Nguo za marehemu zilikuwa zimetolewa sandukuni, zimefuliwa, zimekunjwa, zigawiwe wahitaji kwa nia ya kumfikishia thawabu. Kikoi kile cha pindo jekundu hakikuwamo sandukuni. Kilikuwa juu ya bao la jikoni, pale Haruni alipokivua jioni yake ya mwisho, na tangu siku hiyo Bwana Afya ndipo alipolala. Amina alikiinua akauliza, "Na hiki, mama?" Naye, akili iko kwenye masufuria ya pilau na watu waliojaa uani, aliitikia kwa kichwa. Kitoe.

"Tulikifua?" alimuuliza Amina sasa.

Amina aliinamisha uso. "Hapana, mama. Nilikisokomeza tu mfukoni, watu walikuwa wanaondoka."

Basi paka alikuwa amefuata harufu. Sudi, mmoja wa waliogawiwa nguo, alipobeba mfuko wake siku ile, Bwana Afya alikuwa nyuma yake, na katika zogo la hitima hakuna aliyeona.

Amina alikwenda na kapu la kifuniko, na adhuhuri haijafika akarudi na paka anayenguruma ndani. Walifunga milango yote. "Tumfungie siku tatu tu, mama, atazoea," Amina alisema.

Kijakazi alimpikia kama anayempikia mgeni. Alimwungia kichwa cha changu kwa tui zito, tui la kwanza, jambo ambalo Haruni mwenyewe hakuwahi kufanyiwa siku ya kawaida. Akachambua miba. Akampa mashavu yote mawili. Paka hakutazama hata sahani. Alikwenda jikoni, akapanda juu ya bao, akanusa mbao tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akashuka, akaenda kwenye mlango uliofungwa, akaanza kulia.

Alilia mpaka alasiri, sauti nyembamba isiyokatika. Kijakazi aliswali rakaa zake nne na sauti ile masikioni, na alipotoa salamu hakuwa na hakika kama alisoma Fatiha zote. Alikumbuka alivyofundishwa chuoni, angali mtoto, habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Lakini mimi namlisha, alijitetea. Namlisha mashavu mawili.

Paka alilia.

"Hodi hapa," sauti ya kiume ikaita nje.

Alikuwa Sudi mwenyewe. Miaka yote Haruni aliangua nazi juu, Sudi akazifua makumbi chini. Mzee mkavu asiye na mtoto, mwenye kikohozi na mashati mawili. Kijakazi hakumfungulia. Alisimama nyuma ya dirisha la ukumbini, pazia likiwa kati yao, Amina ubavuni mwake.

"Karibu, shemeji. Keti hapo barazani. Shikamoo."

"Marahaba. Mnaendeleaje na subira?"

"Alhamdulillahi. Tunajitahidi."

"Tujitahidi hivyo hivyo." Akakohoa. "Nimekileta, shemeji. Kikoi. Naona kimewatia tabu watu wawili, na mmoja wao ana mkia."

Kutoka ukumbini Kijakazi aliona, pembeni mwa pazia, mfuko wa nailoni na pindo jekundu likichungulia. Paka alikuwa amenyamaza. Alikuwa amejibana mlangoni, pua kwenye mwanya wa chini.

Neno moja tu lilihitajika. Ahsante. Angelisema, kikoi kingerudi kwenye bao, paka angerudi kwenye kikoi, na kesho saa kumi kungekuwa na mtu kizingitini akimsubiri Haruni pamoja naye. Lakini kikoi kile alikitoa kwa nia. Alisema kwa ulimi wake, ya Rabbi, mfikishie. Haruni hakuwa na mali, hakujenga msikiti wala hakuchimba kisima. Alichotanguliziwa ni zile nguo chache. Ampunguzie na hizo, ili yeye asijisikie mpweke alasiri?

"Shemeji," alisema, "nilikitoa sadaka. Sikirudishi."

"Hurudishi wewe. Nakupa mimi."

"Una kingine cha kwendea Ijumaa?"

Sudi alikohoa kikohozi kirefu kuliko haja. "Cha Ijumaa, Mungu anajua."

"Mungu ameshajua. Ndicho hicho."

Amina alicheka, akaziba mdomo kwa ukaya wa kichwani. Hata Sudi alicheka kule nje. Kijakazi akamwambia bintiye, "Fungua mlango."

"Mama..."

"Fungua, mwanangu. Asinililie Akhera."

Amina alivuta komeo. Bwana Afya alitoka bila kuaga, akapanda barazani, akaingiza kichwa chote ndani ya mfuko wa nailoni na kubaki hivyo, mkia nje.

Sudi alimpapasa mgongo. Akasema polepole, "Ila nikwambie kweli, shemeji. Sijakifua bado. Kila nikishika sabuni naona nikikifua kitakuwa kikoi tu. Na Ijumaa ni kesho kutwa."

Nyuma ya pazia Kijakazi alishika ubao wa dirisha. Harufu ile aliijua kuliko paka: moshi wa makumbi, jasho, mafuta ya nazi aliyompaka mgongoni kila akirudi na michubuko. Alitaka kusema, ngoja wiki moja. Alitaka kusema, nipitishie dirishani nikishike kidogo tu, nitakurudishia. Akamtazama yule paka, aliyetoka mlangoni na kwenda moja kwa moja anakotaka, asiye na eda wala haya ya watu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akamwonea wivu.

"Kifue, shemeji," alisema. "Kifue kwa sabuni, ukianike juani. Haruni hakuwahi kuingia msikitini na nguo chafu."

"Kweli. Hakuwahi."

"Na kile kichwa cha changu Amina atakuletea. Miba nimeshaitoa."

"Mungu akulipe, shemeji."

Mzee aliinuka, akauchukua mfuko. Kijakazi hakufunua pazia. Alisikia ndala zikishuka barazani na kushika njia ya msikitini, zikienda polepole, polepole mno hata kwa mzee yule, zikisimama kila baada ya hatua chache kumpa nafasi anayefuata nyuma.