Mchana wa Mvua ya Mawe

Mama yangu alikuwa ametoka kwake Misikhu kuja kunitembelea Kitale. Tulikuwa nyuma ya nyumba tukichambua maharagwe wakati wingu jeusi lilipoteremka kutoka upande wa Mlima Elgon. Upepo ukawa baridi ghafla. Bandani, farasi wangu wawili, jike mwekundu na dume mzee, walianza kukoroma na kupiga kwato chini.

Niliachiwa farasi hao na mwenye shamba nililofanyia kazi miaka mingi nikifundisha watoto kuwapanda. Mama hakuwahi kuwapenda. "Mnyama hakamuliwi, halimi, haliwi," alikuwa akisema kwa lafudhi ya kwao. "Unafuga falasi ya nini, mama?"

Ilibidi niamue haraka. Banda lilikuwa la mbao kuukuu, na mkaratusi mkubwa uliinama juu yake. Ukianguka, ungewaponda. Uwanja wa chini haukuwa na mti, na ua wa seng'enge ulikuwa mbali. Nikaamua kuwatoa.

Jike alinifuata bila taabu. Nilipomrudia yule dume mzee, mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati, na kelele zile zilimtia wazimu. Alijibana kwenye kona, macho yamemtoka, akirudi nyuma kila nilipovuta kamba.

"Mfunike macho!"

Niligeuka nikamwona Mama mlangoni, amelowa, leso mkononi.

"Ng'ombe akiogopa daraja, si tunamfunika?"

Akaingia. Yeye ambaye hakuwahi kumgusa farasi alimfunga leso usoni, akamwekea kiganja shingoni na kumsemesha kwa Kibukusu, polepole, kama anavyombembeleza ng'ombe anayezaa. Mzee akainamisha kichwa. Tukatoka naye, mawe yakitupiga mabegani, tukamfungua macho uwanjani, kisha tukakimbilia nyumbani kwa sababu radi ilikuwa imekaribia.

Kupitia dirisha la jikoni tuliwaona farasi wamesimama ubavu kwa ubavu, wameupa upepo mgongo. Kisha mvua ikazidi, hatukuwaona tena.

Ilipopungua tulitoka. Mkaratusi ulikuwa umevunjika na kuangukia upande wa barabara. Banda lilisimama vilevile, halikupoteza hata bati moja. Lakini kule uwanjani jike alikuwa na jeraha refu begani, damu imechirizika hadi gotini. Bati lililong'oka kwa jirani lilikuwa limelala kwenye majani karibu naye.

Nilikaa chini kwenye matope. "Ningewaacha tu ndani," nikasema.

"Na mti ungegeukia banda?" Mama akajibu. "Uliamua kwa yale uliyoyaona. Inuka, tuchemshe maji ya chumvi."

Tulilisafisha jeraha pamoja, yeye amemshika jike kichwa. Kesho yake daktari wa mifugo alikuja akalishona, na jike akapona, ingawa manyoya yaliyoota pale ni meupe.

Tangu hapo nimekata miti iliyolielekea banda na kukaza misumari ya paa. Hata hivyo, mawingu yakijikusanya, bado nasimama pale mlangoni nikiwatazama, nisijue lililo salama ni lipi.

Jioni ile ya mvua ya mawe, Mama alimpigia Baba simu kumwambia harudi bado, kwamba tuna mgonjwa. Baba akauliza ni nani. Mama alimtazama jike kupitia dirishani, akitafuta neno.

"Ni msichana wa hapa," akasema.